Plagi ya Nne

Jumamosi, jua halijapanda ukuta wa Bi Rukia,
nainua kiti cha abiria. Ndoano mbili, mkono mmoja,
na injini iko hapo, chini ya makalio ya watu
miaka ishirini na saba,
imekaa kimya kama deni.

Imepoa. Nimeigusa kwanza kwa kiganja
kama mtu apimaye homa.
Harufu: petroli, vumbi la Maweni,
na kwa mbali kabisa, hamira.
Gari hili lilibeba mkate mpaka Mambrui, mpaka Gongoni,
trei juu ya trei, alfajiri,
kabla mji haujauliza chai yanywewa na nini.

Waya nne za plagi nazifunga nyuzi,
nyuzi za kofia anazoshona Baba:
nyeupe, ya dhahabu, ya kijani, nyeusi,
nisije nikasahau nani ni wa nani.
"Mpangilio ni moja, tatu, nne, mbili,"
asema Baba kutoka kizingitini, hajaulizwa.
Moja, tatu, nne, mbili.
Tsuma wa jirani, aliyeshika tochi,
airudia kama hesabu aliyochapiwa shuleni.

Nafungua kifuniko cha distributa. Ndani,
chumvi. Hata humu bahari imeingia,
imeota kutu ya kijani kwenye shaba.
Nasugua kwa msasa, taratibu, mpaka kila ncha ing'ae.
Filta ya hewa naigonga kwenye ngazi:
barabara yote ya Lamu
yamwagika juu ya miguu yangu. Tsuma apiga chafya.

Plagi ya kwanza yatoka: kahawia, kavu,
rangi ya biskuti isiyoungua.
Ya pili vilevile. Ya tatu
ina mafuta kidogo, si neno.
"Nilizibadilisha mwaka juzi," asema Baba,
"zote nne, kwa mkono huu,"
na mkono huo auficha ndani ya kikoi.

Ya nne iko nyuma, gizani,
pale ambapo lazima ukunje kifundo
kama utafutaye shilingi chini ya kabati.
Spana yateleza. Nachubuka. Natia tone la mafuta, nangoja.
Halafu yalia, nyiii,
mlango wa nyumba iliyohamwa,
na yatoka: nyeusi, ncha imelika, kisiki,
na chapa yake ni ile ambayo duka la Twalib liliacha kuuza
nikiwa bado nasukwa mikia miwili.

Nasimama nayo kiganjani. Nahesabu.
Si mwaka juzi. Si mwaka wa kabla ya huo.
Ni tangu kifundo chake kilipoanza kuvimba,
tangu alipoanza kushika kikombe kwa mikono miwili
akatuambia chai ya siku hizi ina moto.
Na gari likikohoa tukipanda kutoka daraja la Sabaki
alisema, "Uzee huo. Liacheni. Na nyinyi mtazeeka."

Tsuma aimulika plagi, afungua mdomo.
Namkanyaga kidole cha mguu.
Kisiki chaingia mfukoni mwangu.

Geji: sifuri nukta nane.
Bati lapita katikati kwa kusitasita, ndivyo linavyotakiwa.
Mpya zote naziingiza kwa vidole kwanza, nisile hesi,
nyeupe, dhahabu, kijani, nyeusi,
ya nne nikiwa nimelala kifudifudi kama mwenye kusujudu vibaya.

Ufunguo. Yakohoa mara moja,
kisha yashika, na mngurumo wake
ni wa mtu aliyefika mwisho wa sentensi yake.

Baba ainua kichwa. Asikiliza kwa shingo nzima.
"Barke. Lilikuwa na nini?"
"Chumvi," namwambia. "Chumvi tu, kwenye distributa."
Anyamaza kitambo.
"Chumvi," asema. "Ndiyo. Chumvi hula kila kitu,"
na polepole autoa mkono kwenye kikoi,
auweka juu ya goti, juani.

Tsuma auliza kama anaweza kupiga honi.
Honi haijalia tangu Ramadhani.
Aibonyeza hivyo hivyo.