Karani Anajifunza Nukta

Saa kumi na dakika arubaini.
Giza la Jericho bado zito kama uji uliolala,
na Karani ameshafungua ofisi.
Anaandika kwa koo.
Mwenye mkokoteni wa maji: bwe.
Muuza maziwa, na pikipiki yake inayokohoa: bwe, bwe.
Paka wa kina Achola juu ya mabati:
ukurasa mzima, pande zote mbili.

Jina nilimpa mimi. Wa kulaumiwa simtafuti mbali.
Mwite mbwa Karani, atakuwekea daftari.

Langoni pana kibao, MBWA KALI,
mkono wa fundi Shikuku, rangi nyekundu, sarufi yake mwenyewe.
Miaka thelathini nilisahihisha maandishi ya watu
katika kiwanda cha chapa, Barabara ya Enterprise,
na hiyo M moja ya nyumbani kwangu
sijapata siku ya kuichomeka.
Tena mkali gani? Huyu anayeogopa ufagio?

Ndipo karatasi ikapenya chini ya lango:
"Mzee Mbithi, mapacha wangu hulala saa kumi.
Karani wako huamka saa kumi.
Tusaidiane. Ni mimi Kwamboka, nyumba ya nane."
Hakuna tusi. Tusi ningelijibu.

Kwanza nikamfokea.
Nikatoka na shuka kiunoni, slipa mguu mmoja,
"Nyamaza! We, nyamaza!"
naye akafurahi mno: kumbe leo tunabweka wawili.
Akapandisha sauti, mwenzake asichoke.

Nikaziba mwanya wa lango kwa gunia.
Akabwekea gunia.

Gachanja ndiye aliyenifungua macho,
yule wa mutura pale kona,
ambaye kila jioni hutazamwa na mbwa kumi na mmoja
wasiotoa hata mguno.
Alikuwa akikata, hakuinua uso.
"Hata mwenye kelele huvuta pumzi, mzee.
Ingia hapo. Mlipe hapo."

Basi nikakaa kizingitini, baridi ya Julai ikinitafuna magoti,
vipande vya mutura ndani ya karatasi,
nikisubiri mbwa avute pumzi.
Ya kwanza ilikuwa koma.
"Kimya," nikasema, kwa sauti ya kuomba chumvi mezani,
nikampa kipande.
Akashangaa. Kulipwa kwa kutofanya kazi!
Wiki ile tukapata nukta-mkato.
Iliyofuata, nukta.
Mwezi wa pili, kati ya maziwa na maji,
tukapata nafasi ya aya nzima.
(Vipande vingine nilikula mimi, nisiseme uongo.)

Siku korongo wa jalalani alipotua juu ya tangi,
mabawa kama koti la hakimu,
yote yakafutika.
Sikumgombeza. Ndege yule angembwekesha hata padri.
Tukaanza tena kwenye koma.

Leo mkokoteni umepita.
Karani akasimama, ngozi ikamtetemeka mgongoni,
neno likamjia hadi menoni, akalimeza,
akaja kunibandika pua mbichi kiganjani.
Na mimi, kwa kuwa palikuwa na nafasi, nikasikia:
mwenye maji huhesabu.
Anasukuma na kuhesabu, mitungi au madeni sijui,
na kila akifika ishirini na tatu
hucheka kidogo, peke yake, kisha anaanza upya.
Miaka mitatu anapita hapa.
Nilikuwa nikimsikia Karani tu.

Saa kumi na moja na nusu
ukuta wa nyumba ya nane ukapasuka:
pacha mmoja, kisha wa pili kumzidi wa kwanza,
bila koma, bila nukta, bila huruma.
Karani akaniangalia.
Akaangalia ukuta.
Akaniangalia tena, muda mrefu,
kama mtumishi wa miaka mingi
aliyeona mgeni akipandishwa cheo.

Karatasi ya mutura ilikuwa tupu.
Nikamkuna nyuma ya sikio.
"Hao," nikamnong'oneza,
"hao andika tu."