Zamu ya Mwisho

Ndiyo kwanza kunapambazuka. Wageni wamelala.
Nateremka na koleo na ndoo ya majivu,
nanyunyizia majivu ngazi zilizoganda
zisije zikamvunja mtu wa Tokyo kiuno.
Ngazi mia moja na kumi na nne.
Nazijua kwa magoti.

Bondeni mto unafuka mvuke.
Harufu ya kiberiti, ya yai lililosahauliwa chunguni.
Theluji imeikalia mianzi mpaka mianzi imeinama
kama watu wanaotafuta sindano.

Nao kima wameshuka kutoka msituni, wamo majini tayari,
mabega yamezama,
nyuso nyekundu kama za walevi waliokwisha samehewa.
Theluji inawatua utosini, hawaipangusi.
Mmoja amefumba macho; bintiye anamsaka chawa
polepole, kama anayesoma barua ndefu.
Husemwa nyani haoni kundule.
Hawa wa kwetu wameyakalia yao, mekundu, ndani ya maji,
basi hakuna wa kumcheka mwenzake.

Lakini si wote wamo.
Hili wageni hawalipigi picha.
Ukingoni, juu ya mawe, wapo wanaosubiri,
wamekumbatiana wawili, watatu,
donge moja la manyoya, migongo kwenye upepo.
Bwawa lina wenyewe.
Bibi mkubwa na binti zake huingia kwanza,
na wajukuu, waliozaliwa na haki hiyo mdomoni
kama ziwa la mama.
Waliobaki: mwenye nguvu mpishe.
Mvuke unawafikia, mvuke haubagui,
ila haujampasha joto yeyote.

Yupo mmoja namjua.
Mkono wa kushoto ana vidole viwili.
Vitatu vilibaki kwenye mtego wa marehemu Isaburo,
mwaka ule matufaha yetu yalipoliwa hata mabichi
tukauza gari kulipa deni la ushirika.
Asubuhi ile Isaburo alirudi kutoka shambani
akanawa mikono, akanawa, akanawa.
"Ametoka," akasema.
Sikumuuliza ametokaje.
Kesho yake akategua mitego yote, akaitundika ghalani.
Imo humo mpaka leo, na kutu yake.

Simwombi radhi yule kima.
Alikula matufaha yangu. Sisi tukala vidole vyake.
Hesabu ya namna hii sijui huandikwa daftari gani.

Leo nimesimama na koleo langu, nikamtazama.
Amejikokota hadi pale maji yanapomwagikia nje ya bwawa,
mahali pasipo na mwenyewe,
akautia mkono. Ule wa vidole viwili. Mkono tu.
Akautoa, akaunusa,
akautia tena.
Bibi mkubwa akafumbua jicho moja,
akalifumba.

Saa nne usiku.
Wageni wameoga, wamekunywa, wamelala.
Mwenye nyumba ameoga, na mkewe,
na mpishi, na yule kijana wa mapokezi
aliyeajiriwa juzi, asiyejua hata ufagio unakaa wapi.
Ndipo husikia, "Mama Tokue, sasa nenda."
Miaka kumi na sita nimekuwa wa mwisho.
Bomba limekwisha fungwa, moto wa maji umepungua.
Naokota unywele wa mtu unaoelea,
naubandika ukutani.
Naingia. Mabega yanazama.
Na sitasema uongo: ni tamu, hata ikiwa ya mwisho.

Huko juu watakuwa wamepanda miti,
wamejikunja matawini, maji wameyaachia usiku.
Nawaza kama manyoya ya mkono wake
yaliwahi kukauka kabla ya baridi kushuka.

Nautoa wangu majini.
Naunusa. Kiberiti.
Nautia tena.