Kura ya Tisa

Kikao ni kwenye ngazi za saruji, nyuma ya bohari ya reli, Kisumu,
jua la saa kumi bado lina meno.
Ajenda moja: tusajili mchezeshaji wa akiba?

Obuya anasema ndiyo, haniangalii.
Mudogo anasema la, timu ina wenyewe,
miaka kumi na tisa, nani alitupigia hodi?
Mimi nimekaa, mfuko wa barafu gotini,
barafu ya muuza samaki, yanukia mbuta.

Nawajua hawa kama mifuko yangu.
Adhola hupenda mpira wa chini, mkono wa kushoto.
Lijodi mwite jina kwanza, ndipo umpe.
Mgeni atajifunza lini?

Lakini Jumamosi, robo ya nne,
nilimwona Adhola wazi, peke yake chini ya kikapu.
Akili ikatuma pasi;
mkono ukachelewa kupokea barua.

Kule uwanjani Otula, yule kijana wa Nyalenda,
anadunda mpira wetu uliochubuka.
Kushoto. Kulia. Hautazami.

Nne kwa nne.
"Wanaosema ndiyo?" Obuya anarudia.
Nauinua mkono.
Unachuruzika maji, unanuka samaki.