Mlangoni, Si Dirishani

Miaka kumi na minne napika kashata hapa Kuze,
sufuria ile ile, mwiko ule ule,
na vumbi la njugu limeingia mistari ya viganja
kama hina iliyokataa kufifia.

Kwa viganja hivyo nilimbeba Twahir
wa miezi mitatu, ngozi imepasuka
viwikoni, nyuma ya magoti, ukurutu mtupu.
Nikimpaka mafuta ya nazi. Nikimbembeleza.
Sikujua nampitishia njugu dirishani.

Alipotimiza mwaka akaokota kipande chini ya meza.
Midomo ikafura, pumzi ikawa filimbi,
tukakimbia naye Makadara,
mama yake pekupeku, mimi na aproni ya sukari.

Daktari Shufaa alichora nyuma ya risiti:
"Mwili una mabawabu.
Apenyaye ufa wa ngozi humdhania mwizi,
na sura yake hawaisahau.
Lakini apigaye hodi kinywani, akashuka taratibu,
wa utumboni humnusa, humgeuza, kisha huambizana:
chakula hiki. Wekeni marungu chini."

"Basi ni mikono yangu?"
Akaikunja risiti, mara mbili, mara nne.
"Hakuna aliyekwambia," alisema mwishowe.

Leo ni zamu ya Bishara, miezi sita.
Daktari kampima, karidhia.
Nimesugua kucha kwa ndimu na majivu.
Njugu nimezisaga zikawa kama poda,
ncha ya kijiko ndani ya uji.
Twahir, miaka saba, yuko kizingitini mwa jiko,
mbali, kama alivyofundishwa,
sindano yake mfukoni mwa kaptula.

"Hatafura?"
"Tutaona."

Bishara anakunja uso. Anatema.
Anarudisha kwa ulimi. Anameza.

Tunasubiri. Jirani chini amekaanga viazi
karai ya kwanza, ya pili.
Shavu limebaki shavu.

Ndani yake, gizani, kuna hodi na kuna karibu,
jina linaandikwa katika daftari nisiloweza kulisoma,
na kesho tena, na wiki ijayo tena,
maana mabawabu humsahau mgeni asiyerudi.
Mgeni siku mbili.
Ya tatu, ewe njugu, shika jembe,
mlimie mifupa.

Twahir anauliza, na yeye ataalikwa lini.

Najifuta mikono,
ingawa ni mikavu.