Kiu

Waingereza huliandika kwa herufi tatu
na kulitamka kama jina la herufi moja,
ile ambayo abjadi yetu haikuialika:
kiduara chenye mkia.
Sikio langu halikungoja kufundishwa.
Lilisikia kiu.

Halifax, mwezi wa pili, mvua ya tangu Jumapili.
Nyuma ya kiwanda cha mazulia, jumba la kuigizia:
viti mia mbili na tisa, kumi na kimoja vibovu,
na pembeni mwa jukwaa, wasipopaona watazamaji,
kigoda, kurunzi iliyofungwa kitambaa cha buluu,
chupa ya chai,
na Hester Birtwhistle, kitabu wazi mapajani.
Kazi yake kunong'ona.
Miaka thelathini na mmoja ananong'ona;
kodi ya nyumba hulipa kwa kushona mapazia ya watu.

Neno lile limejaa pambizoni mwa kurasa zake
kwa penseli nyekundu: hapa taa, hapa radi,
hapa mlango ubishwe, hapa Raikes aingie.

Nilimuuliza limetoka wapi.
Wako wanaodai ni mkia, alisema.
Zamani karatasi ghali, mwandishi ghali,
mwigizaji hakupewa mchezo mzima.
Alipewa maneno yake tu, na juu ya kila zamu
mkia wa maneno ya mwenzake,
mawili, matatu, ya kuvizia.
Ukisikia "hata mvua nayo," ingia.
Aliyesema ni nani, analilia nini,
utajua hukohuko mbele ya watu.
Ndivyo tunavyoishi, nikamwambia. Hakucheka.

Mkia huohuo, wa Kifaransa, ndio foleni
ya pale dirisha la tiketi,
na ndio ile fimbo ya kusukumia mipira ya biliadi
katika baa ya ng'ambo
anakomalizia Raikes mshahara.

"Ila Wafaransa wenyewe hawalitumii hivyo jukwaani,
kwa hiyo mkia huo siuamini sana."
Yeye alipenda habari ya pili:
kwamba waandishi wa kale walitia herufi ile peke yake,
kifupisho cha neno la Kilatini
ambalo maana yake ni lini.
Hakuna aliyethibitisha.
"Lakini ukikaa kigodani hapa," alisema,
"huulizi kingine."

Sasa Ambrose Raikes.
Jumatatu mfalme, Alhamisi daktari mlevi,
na kila mchezo, kila usiku, tendo la tatu,
alikwama.
Mara moja tu. Mkono hewani, mdomo wazi,
ukimya ukitambaa toka safu ya mbele hadi ya nyuma
mpaka mtu akakohoa.
Kisha kutoka pembeni neno,
dogo kama tone kwenye ulimi wa mgonjwa,
naye akameza, akaendelea, sauti imenona.
Wenzake walisema: mzee amechakaa.
Meneja alisema: msimu huu, basi.

Machi Hester akalazwa. Mapafu.
Kigodani akawekwa Colin Sugden, kijana wa taa,
mwenye kifua na haraka.
Tendo la tatu. Mkono hewani.
Colin akalirusha neno kama mtu anayeita basi;
safu ya nne wakacheka.
Raikes hakulipokea.
Aligeuza shingo, akatazama kigoda,
akasema taratibu, na si kwa sauti ya mfalme:
"Nalijua, mwanangu.
Nilikuwa nalijua."
Akaendelea mpaka mwisho
bila kuangusha hata silabi.

Tangu usiku ule hakukwama tena.
Wakampongeza, wakampiga mabega:
kumbukumbu imerudi, mzee, msimu ujao tunao!
Mimi nilikuwa nakunja kamba za pazia.
Alinipita na rangi bado usoni,
akasimama,
akaomba maji.