Kituo Sikukipata

Fundi Sekiboko wa Barabara ya Nane
aliigonga fremu kwa kidole kama anayechagua nazi,
akasema: "Hii si ya kwendea sokoni, mama.
Hii ni ya milima. Unampelekea nani?"
Nikasema: mimi.
Akatafuta spana muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nina miaka hamsini na miwili na goti moja
linalojua masika kabla ya redio.
Tanga kila mtu yuko juu ya baiskeli, hilo si jambo.
Nami mjini naendesha, buibui nimelikunja,
Chumbageni hadi Ngamiani, tambarare kama sinia,
kikapu mbele, dagaa, sabuni ya mche.
Lakini huko ni kutembea ukiwa umekaa.

Nilipokuwa na ishirini na minne
nilitumwa Amani, kuchanja watoto.
Nikapewa baiskeli ya serikali, nzito kama kesi,
na kisanduku cha barafu nyuma, kimefungwa kwa mpira wa tairi.
Kisiwani mpaka Kwamkoro nilikanyaga,
chupa za dawa zikigongana kama meno.
Kushuka sikushika breki. Hazikuwepo za kushika.
Wachuma chai wakipiga kelele, "Nesi huyo! Mpisheni!"
nami nikiamini kabisa kwamba kona zinanijua.

Kisha ndoa, uhamisho, meza, mafaili,
eda,
na baiskeli ile sijui ilifia stoo gani.

Jumamosi lori la machungwa, likirudi tupu,
lilinishusha Muheza.
Hadi Kisiwani nilikuwa msichana.
Tulipoachana na mto Sigi
mlima ukanisomea cheti changu cha kuzaliwa.

Gia ya tatu. Ya pili. Ya kwanza.
Kidole kikabonyeza tena, kikitafuta
iliyo chini ya ya kwanza.
Udongo mwekundu, mizizi, jiwe linalogeuka chini ya tairi
kama jina la mtu unayemjua, likakutoka mdomoni.
Nikaanza kuhesabu kwa mizani, kama tulivyofundishwa shule,
silabi moja, kanyago moja, nane kwa nane:

     Polepole gurudumu, mlima haukimbii,
     Mapafu yanilaumu, miguu haisikii,
     Pumzi kwangu adimu, ila moyo hautii,

hapo tairi likapiga mzizi
na kituo sikukipata.

Nikashuka. Nikasukuma.
Sukuma, simama, jifanye unatazama kipepeo.

Kijana wa bodaboda akapunguza mwendo.
"Bibi, nikuvute kwa kamba?"
Asubuhi mama, saa tano bibi:
nimepandishwa cheo bila barua.
Nikamwuliza kwao wapi. Kwamkoro.
Umri? Ishirini na minane, akasema, kama anayedaiwa.
Fulana yake haikuwa na mikono,
na begani alikuwa na kovu la mviringo, dogo kama punje ya choroko.
Huenda ni mkono wangu. Huenda si wangu,
vijana wote wanalo.
Nikamwambia aende, nafika.

Juu kulikuwa na baridi na harufu ya iliki,
na mzee mmoja aliyeniuliza kama nimepotea.
Sikukaa sana.
Kushuka ndiko nilikokufuata.

Sasa nina breki nzuri kuliko zote nilizowahi kumiliki,
na nilizishika zote mbili, tangu kona ya kwanza,
mpaka vidole vikafa ganzi.
Hofu hii ni mpya. Zamani sikuwa na cha kuvunja
ambacho kisingeunga kabla ya Ijumaa.
Ila pale njia inaponyooka, chai huku na chai huku,
niliachia.
Kidogo. Urefu wa safu kumi, labda kumi na moja.
Hakuna aliyepiga kelele.
Nilipiga mwenyewe.

Jioni goti limelala juu ya mto, limevimba, linanuna.
Kikombe nakishika kwa mikono miwili.
Mwajuma kapiga simu toka Dodoma:
"Mama, leo umeshindaje?"
"Nimefua," nikamwambia.
Na si uongo; suruali iko kwenye beseni tangu magharibi,
maji ya tatu haya,
na bado yanatoka mekundu.