Neva ya Nane

Miaka ishirini na miwili pale Igombe
nimetibu injini za mitumbwi kwa sikio:
ncha ya bisibisi kwenye bloku,
mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio,
na chuma kinaungama chenyewe.
Pistoni hii imechoka. Beringi hii inadanganya.

Kisha sauti ya Kwalu, nikiiweka simu kushoto,
ikawa mchanga unaomwagwa kwenye debe.
Ukaja mluzi, usiku na mchana,
kama dagaa wanaokaangwa nyumba ya jirani
ambako hakuna jirani.

Zahanati wakasema nta, wakaliosha kwa bomba.
Wakasema presha. Wakasema umri.
Shemeji akasema jambo, chini chini, upande nisiosikia,
Kwalu hajaniambia hadi leo.
Siku niliyoyumba juu ya mawe, sijaonja hata gongo,
ndipo tukapanda kilima cha Bugando.

Dokta Nyamizi alikuwa na chuma cha pembe mbili.
Akakigonga gotini, akakisimika utosini pangu:
"Unasikia upande gani?"
Nikacheka. Dokta, hiyo ni bisibisi yangu.
"Kulia." Akaandika. Yeye hakucheka.

Ndani ya mashine ya sumaku, ta-ta-ta-gu, ta-ta-ta-gu,
nililala nikiikagua: valvu zimelegea, nati moja inacheza.
Picha ikatoka nyeusi, na ndani yake punje nyeupe,
karanga iliyoota juu ya neva ya nane.
Si saratani, akasema. Ni adimu, ina subira,
inakua kama ukucha.

"Sikio halipiti kichwa," nikamwambia. "Kata."
Akasogeza kalamu: "Hapa, bega kwa bega, pana neva ya saba.
Hiyo ndiyo inayobeba uso.
Sikio nitalipoteza. Uso nitaupigania."

Sikio la kufa halisikii dawa.
Sawa. Langu limekufa,
kichwa ndicho kilichosikia.

Jicho la kushoto likakataa kufumba.
Kila usiku Kwalu alilibandika plasta, kama anafunga duka.
Chai ilinitoroka pembeni mwa mdomo.
Wiki ya kumi na moja, nikimkemea Mhoja kwa kumwaga oili,
akaacha kunywea, akanitazama:
"Mzee, shavu limetikisika!"
Nikamkemea tena, kwa makusudi.

Siku hizi Mhoja ndiye mwenye bisibisi.
Ananisimulia anachosikia, nami nabisha.
Mluzi haujaondoka.
Kwalu amehamia kulia kwangu kitandani,
lakini maneno ya shemeji bado hajayasema.